Tangazo Lisilo na Wafiwa

Siku hiyo Mama Tsvetanka alitoa kabatini viatu vyake vya sherehe, vile vinavyombana kidole gumba. Alikuwa ameoka banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, tangu alfajiri, na sasa alimpigia kelele jirani yake Penka juu ya ua: "Vaa upesi, mwanamke wewe! Naenda kuona kazi ya mkwe wangu!"

Habari hiyo mwanawe Momchil alimletea mchumba wake Zornitsa mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho, akicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Amesema mkwe?" Zornitsa aliuliza.

"Mkwe. Tena kwa sauti, mtaa mzima umesikia. Miezi yote hii ulikuwa 'yule msichana wa Sofia'. Leo umepanda cheo."

Akamtazama kwa yale macho yake yasiyo na haraka. Mikono ilinukia sabuni, lakini kwenye kucha weusi wa kazi ulikuwa umekataa kutoka. Alikuwa fundi wa majokofu. Baba yake alipofariki, Momchil aliacha kazi nzuri Uhispania akarudi hapa Vidin, mama asibaki peke yake na kuta. Zornitsa alimpenda mtu huyu mpaka weusi wa kucha zake. Na kwa sababu hiyo hiyo, leo alishindwa kumtazama.

"Unaumwa, Zori?"

"Hapana. Wageni wengi tu."

"Wageni ni wako. Mimi nina mgeni mmoja, na amebeba sinia." Akamshika kiganja, akakibana kidogo, kisha akaenda kumpokea mama yake.

Zornitsa alibaki ameegemea mlango. Ndani, kuta zilijaa nyuso.

Mjini Vidin, kama ilivyo kila mji wa nchi ile, wafu hawaondoki getini. Mtu akifa, watu wake hubandika tangazo lenye picha yake kwenye geti, na kila mwaka hubandika jipya, likaloa mvua na kufifia kwa jua hadi mwaka mwingine. Chini kabisa huandikwa wafiwa: mke, watoto, wakwe, wajukuu. Zornitsa alikuwa amepita mtaa kwa mtaa na kamera yake, akapiga picha nyuso zile za mageti, akailisha nazo akili bandia. Mashine ikamzalia wazee wapya, wanaume kwa wanawake, ambao hawakuwahi kuishi. Akawapa majina ya kubuni na kuwatengenezea matangazo yao. Ila pale chini, mahali pa wafiwa, aliacha patupu.

Ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Watoto wa nchi wako Ujerumani, wako Uhispania, wanaosha vyombo vya watu wengine. Basi mzee akifa huku, nani ataandikwa mfiwa? Maonyesho yalipokuwa Sofia, mji mkuu, watu wazima walisimama mbele ya nafasi ile tupu wakajifuta macho. Zornitsa alijisikia amesema jambo la kweli, na kweli alikuwa amelisema.

Lakini ulikuwepo uso mmoja. Aliomba utundikwe nyuma kabisa, kule nyuma ya nguzo wanakorundika viti vibovu.

Ulikuwa uso mzuri kuliko zote: mzee mwenye nyusi nzito, kinywa kimefunguka katika kicheko. Siku ulipotoka kwenye mashine Zornitsa alikuwa bado hajaingia nyumba ya mtu yeyote mjini hapa. Ni baadaye, mara ya kwanza alipokaribishwa chakula kwa kina Momchil, alipoinua macho kutoka kwenye bakuli akaona picha ya marehemu Mzee Kamen juu ya meza, na kijiko kikamgandia mkononi. Zilikuwa nyusi zile zile. Mashine iliyotakiwa kuchanganya nyuso za mtaa mzima, uso huu ilikuwa imeuchota karibu wote kwa mtu mmoja.

Alipaswa kusema siku ile ile. Badala yake alisema supu ni tamu.

*

"Mbona umekonda?" Mama Tsvetanka alimkumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umebeba sinia. "Sofia hawapiki?"

"Wanapika, mama. Si kama wewe."

"Usinipake mafuta, nimekwisha kukubali." Alicheka, akageuka kuzitazama kuta, na kicheko kikapungua. "Ndiyo hawa? Wote hawa ni wa kutengenezwa?"

"Wote, mama."

Shangazi Penka, aliyekuja na mkoba mkubwa kuliko yeye, alijifanyia ishara ya msalaba. "Kumbandikia tangazo mtu ambaye hajazaliwa! Mungu anisamehe, binti ni mzuri, ila hii kazi yake ni mkosi."

"Nyamaza, Penka. Ni sanaa."

"Na mkosi nao ukiwekwa fremu unakuwa sanaa?"

Momchil aliangua kicheko. Hata Zornitsa alicheka, na kwa nukta chache aliamini siku itapita salama. Ndipo mkurugenzi wa ukumbi akamgusa bega, kuna wageni wanataka kusalimiana. Akageuka kuwapa mkono. Akasikia nyuma yake, "Acha nitafute meza mwenyewe, hili sinia linanichoma," na alipogeuka tena, viatu vya sherehe vilikuwa vinachechemea kuelekea nyuma ya ukumbi, kule kwenye nguzo.

Alitaka kuita. Mgeni mwingine akamnyooshea mkono.

Kisha ikasikika kutoka nyuma ya nguzo sauti ya Mama Tsvetanka, ndogo, kama ya mtu anayemwita mtoto asimshtue.

"Momchil. Njoo umwone baba yako. Anacheka."

Walimkuta amesimama, sinia ameliweka sakafuni. Mbele yake alikuwa mzee mwenye nyusi nzito akimchekea kwa meno meupe yaliyokamilika. Chini ya uso: Lyuben Stanev. Miaka mitatu bila yeye. Na chini ya hapo, pale pa wafiwa, hapakuwa na mtu.

"Kwani Kamen alikuwa na pacha?" Shangazi Penka aliuliza.

Mama Tsvetanka alinyoosha kidole, akaigusa ile nafasi tupu. "Na mimi?" Aligeuka kumtafuta Zornitsa, na machoni mwake hamkuwa na hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Mimi niko wapi, binti? Kila mwaka nabandika karatasi ya mume wangu kwa mikono hii. Baridi ikiwepo, napasha gundi jikoni. Nani alikwambia hana mtu?"

"Mama, si yeye. Ni mashine tu, iliotea…"

Neno "iliotea" lilimfia mdomoni. Watu wa Sofia walikuwa wamegeuka, glasi mkononi, wakitazama. Uso wote wa Zornitsa uliwaka moto, kuanzia shingoni. Alitamani sakafu ifunguke, na alijua hata ikifunguka, yule mzee ataendelea kumchekea.

"Mama, twende nyumbani," Momchil alisema.

"Sinia langu."

"Nitalibeba mimi."

Akaliokota. Banitsa ilikuwa bado nzima, bado inafuka moshi.

*

Zornitsa alimkuta Momchil kwenye ukingo wa mto Danubi, akimsubiri. Mama yake alikuwa amekwenda nyumbani na Penka. Mto ulipita mpana, rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo Romania ikionekana kama kitu cha kuazima.

"Ulijua?" Momchil aliuliza bila kugeuka.

Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa karibu, jepesi, limekwisha kuvaa viatu.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile supu."

Akatikisa kichwa polepole, kama wanavyotikisa watu wa huku wanapokubali jambo. "Supu ya kwanza. Zori, ile siku ya Machi nilikukuta getini kwetu na kamera. Nikakuuliza unatafuta nini. Unakumbuka ulinijibu nini?"

"Fundi cherehani."

"Fundi cherehani! Nikazunguka na wewe mtaa mzima kumtafuta fundi cherehani ambaye hayupo. Nikakuletea maji. Nimewasimulia marafiki zangu wote: jamani, mke wangu mtarajiwa nilimwokota getini amepotea." Akalihamishia sinia mkono wa pili. "Kumbe hukupotea. Ulikuwa unamchukua baba yangu."

"Niliona aibu kusema napiga picha za wafu. Nilidhani nitaondoka na sitakuona tena."

"Halafu ukaniona tena."

"Halafu nikakupenda, na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi. Momchil, uongo ulikuwa mmoja tu."

Hapo ndipo alipogeuka. Macho yale yasiyo na haraka yalikuwa mekundu. "Hapana. Kila jioni uliyokaa chini ya picha yake ukala mkate wetu ilikuwa na uongo wake. Mimi naweza kukasirika nikapoa, najijua. Lakini mama yangu leo ameambiwa mbele ya watu wa Sofia kwamba mumewe alikufa kama mbwa wa mtaani. Amevaa viatu vya sherehe kuja kuambiwa hivyo."

"Nifanye nini?"

"Sijui." Alimnyooshea sinia. "Chukua. Aliioka kwa ajili yako. Kuirudisha nyumbani siwezi, na kuitupa siwezi."

Akaondoka. Zornitsa alikaa kwenye ngazi za ukingo, sinia mapajani, joto lake likimpenya gauni. Alimega kipande. Ilikuwa tamu, chumvi yake sawa sawa, na alilia akitafuna kama mtoto aliyechapwa akapewa chakula.

Jioni ile ile alirudi ukumbini, akaishusha picha kwa mikono yake. Mkurugenzi alilalamika kwamba hiyo ndiyo bora kuliko zote. Zornitsa hakumjibu. Alifungua kompyuta akaufuta uso ule, akafuta nakala zake, akafuta na picha aliyoipiga getini, mpaka hapakubaki hata kivuli. Alidhani aibu ingefutika pamoja navyo. Haikufutika.

*

Jumamosi alikwenda nyumbani kwa kina Momchil. Alivaa gauni la kawaida, nywele kazifunga, sinia limeoshwa na kung'arishwa limo mkononi. Getini karatasi ya Mzee Kamen ilikuwa imechakaa kwa mvua za mwaka mzima. Wino umetiririka, nyusi tu ndizo zilizoshikilia.

Shangazi Penka alichomoza juu ya ua kabla hata hajabisha. "Umekuja na kamera?"

"Nimekuja na sinia, shangazi."

"Tupu?"

"Nilikula."

"Yote?" Penka alimtazama kwa heshima ya ghafla. "Basi msiba wako ni wa kweli. Tsvetanka! Yule wa Sofia yuko hapa!"

Nimeshushwa cheo, Zornitsa aliwaza, na akaona ni haki.

Mama Tsvetanka alitoka akijifuta mikono kwenye aproni. Hakumkaribisha ndani, na hakumfukuza. Walisimama, geti katikati yao.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Sina sababu ya kujitetea. Niliuchukua uso wa mumeo bila kuuliza, nikaujua, nikanyamaza. Nilikaa mezani kwako nikanyamaza. Kila nikikumbuka mkono wako ulivyonikatia mkate, naona aibu hata ya kupumua."

Mjane aliyasikiliza yote. Kisha akauliza jambo ambalo Zornitsa hakulitegemea kabisa.

"Lile cheko. Ulilitoa wapi?"

"Cheko?"

"Picha ya getini kafunga mdomo. Picha zote kafunga mdomo. Siku ya harusi yetu alipasua kokwa ya jozi kwa jino kuwachekesha watu, jino la mbele likakatika, na tangu hapo hakuonyesha meno mbele ya kamera. Akicheka, anaziba kwa mkono. Sasa ile mashine yako ilijuaje anavyocheka?"

"Haikujua, mama. Ilikisia."

"Meno ilikosea. Meno yale si yake, ni ya mwanasiasa." Aliinamisha macho, akaanza kukunja na kukunjua pindo la aproni. "Ila macho… yale makunyanzi ya pembeni… Miaka mitano sijaliona cheko lile. Nikaliona pale, kwa jina la mtu mwingine, na mimi sipo." Sauti ilishuka ikawa karibu mnong'ono, kama anasema jambo la haya. "Na bado nilitaka kubaki nilitazame. Nimetukanwa mbele za watu, na moyo wangu unasema, kidogo tu, bado kidogo. Unafikiri ni wewe peke yako unayeona aibu?"

"Nimefikiri wiki nzima," Mama Tsvetanka aliendelea. "Nikasema akija, nitamwambia anionyeshe mara moja tu. Kisha aifute, mbele yangu. Umekuja nayo?"

"Mama," Zornitsa alisema. "Nimeshaifuta. Yote. Hakuna kilichobaki."

Upepo ulilichezesha tangazo lililochakaa. Mama Tsvetanka alilishika kwa kiganja, kama anamtuliza mtu.

"Ukamchukua bila kuniuliza," alisema taratibu. "Na ukamwondoa bila kuniuliza."

Hapo ndipo Zornitsa alipoelewa kosa lake lilikuwa nini hasa, na kwamba tangu mwanzo lilikuwa moja tu. Alilikumbatia sinia kifuani, akalia wazi wazi pale mtaani, pua ikimtiririka, bila kujali Penka anaona. Hakusema nisamehe. Alikwisha kusema, na neno lilikuwa limekuwa dogo.

Kisha komeo la geti likalia.

"Ingia," Mama Tsvetanka alisema. "Silii na watu barabarani, mimi si Penka."

"Nimesikia!" ilisema sauti juu ya ua.

*

Momchil alikuwa jikoni. Alisimama alipomwona, kiti kikagonga ukuta. Hawakusalimiana; walitazamana tu, na Zornitsa akaona amekonda mashavu, na ndevu hajanyoa, akajua wiki ile haikuwa ndefu kwake peke yake.

"Mwaka wa tano umefika," mama yake alisema, akiweka mezani bati kuukuu la biskuti lililojaa picha. "Karatasi mpya inatakiwa. Kila mwaka anaichapa yule kijana wa dukani, anakosea tarehe. Wewe kompyuta unaijua. Keti."

Zornitsa aliketi. "Picha ipi, mama?"

"Umeuliza," alisema Mama Tsvetanka. "Vizuri. Uliza hivyo hivyo."

Akachambua bati mpaka chini kabisa, akatoa picha iliyokunjika pembe. Mzee Kamen akiwa kijana, shambani kwa mtu, kaziba mdomo kwa mkono mzima; macho yamejaa makunyanzi ya kicheko.

"Hii? Kwenye tangazo la msiba?" Penka alikuwa tayari amefika mlangoni bila kuitwa. "Tsvetanka, watu watasemaje? Marehemu anacheka!"

"Waseme. Wamezoea kumwona amenuna, na hakuwa mtu wa kununa." Akamgeukia Zornitsa. "Usimguse. Usimwongeze meno, usimwondoe mkono."

"Simgusi, mama."

Akaandika jina, herufi moja moja, akisoma kwa sauti na kungoja kichwa kitikiswe. Kamen Dimitrov Vasev. Miaka mitano bila yeye. Tarehe aliuliza mara mbili. Kisha vidole vikafika pale chini, mahali alipopaacha patupu mara nyingi, tena kwa fahari.

"Wafiwa, mama?"

"Mke," Mama Tsvetanka alisema.

Akaandika: mke.

"Mwana."

Akaandika: mwana.

Momchil alisogea, akasimama nyuma ya kiti chake, karibu kiasi cha Zornitsa kulisikia joto lake, lakini hakumgusa. Alikuwa akimtazama mama yake. Mama yake naye alikuwa akilitazama sinia lililong'arishwa, kama anajionea uso wake humo.

"Acha nafasi," alisema mwishowe.

"Nafasi, mama?"

"Nafasi ya neno moja. Si kubwa." Aliinuka, akajifanya anatafuta chungu cha gundi. "Mwakani tutaona kama kuna wa kuijaza. Haya, mnangoja nini? Jua hilo linazama."

Waliibandika watatu. Mama Tsvetanka alipaka gundi. Zornitsa alishika pembe ya kushoto, Momchil ya kulia, na karatasi mpya ikalala juu ya ile ya zamani. Mzee Kamen akatazama mtaa akiwa amejiziba mdomo, kama mtu aliyeambiwa siri ya kuchekesha. Walipokuwa wakisawazisha mikunjo, viganja vya Zornitsa na Momchil vilikutana chini kabisa ya karatasi, juu ya ile nafasi ndogo nyeupe, mahali ambapo gundi ilikuwa bado mbichi. Zornitsa alitaka kuuondoa mkono wake kwa haya.

"Uache," Momchil alisema. "Haijashika bado."